Fundi Majeneza Aliyehamia kwa Walio Hai

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mzee Vipimo, mbunifu wetu wa bidhaa, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita hapa kiwandani. Ndoo, viti na mabeseni yote yanayotoka hapo getini yalianzia kwenye penseli yake. Vijana wanadhani alizaliwa nayo sikioni. Hawajui tulikomtoa. Mimi najua, maana ndimi mpika chai, na chai inaingia ofisi zote.

Alikuwa fundi majeneza. Tena fundi wa sifa, si wa kubabaisha. Tatizo likawa nyumbani. Majirani hawaji hata kuomba chumvi, wanasema yule bwana akikutazama anakupima. Na kweli alikuwa anapima, hana haya! Mama mkwe wake akaja kutembea, mzee akamwangalia kichwani mpaka miguuni, akasema, "Mama, umepungua." Mama wa watu hakulala pale. Ndipo mkewe akatoa neno: chagua, majeneza au mimi. Basi akarudi darasani na mvi zake, akakaa na watoto wa rika la binti yake, akasomea ubunifu wa bidhaa, halafu akaja kwetu.

Lakini jamani, mkono ulikuwa bado uko kule kule. Alichora sanduku la midoli: pana mabegani, jembamba miguuni. Kabati la vyombo likaja vile vile, na vishikio ubavuni, watu watatu kila upande. Dereva wa mzigo kabla ya kulipakia anavua kofia kwanza. Maduka yakarudisha yote. Bosi akamwita: "Lete kitu kimoja kinachouzika, la sivyo rudi kwa wateja wako wa zamani. Wale hawarudishi mzigo."

Hapo mzee alinywea. Chai yangu inapoa mbele yake, hagusi. Huko nyumbani mkewe ameshaapa: ukishika tena ule msumeno, mimi nafunga virago.

Nafasi ya mwisho aliyopewa ilikuwa beseni la kuogeshea watoto. Siku ya kuonyesha sampuli, tukakusanyika, tukatazamana. Mabega yale pale! Mlinzi akauliza, "Sasa huyu mtoto anaogeshwa au ndiyo tunamuaga?" Tulicheka mpaka mzee akapandwa na hasira. Ili kutuonyesha tunamwonea, akaliweka sakafuni, akaingia mwenyewe, akakaa.

Akanasa.

Akajigeuza huku, akajigeuza kule, akarusha miguu, beseni limemganda makalioni kama gamba la kobe. Mimi nimeshaleta sabuni, mlinzi ameshashika mikono anavuta, na bosi ndiyo anaingia. Mara mzee akapiga kelele, "Msinitoe! Leteni penseli kwanza!" Maana kumbe maisha yake yote alichorea watu waliotulia. Hakuwahi kufikiria mteja mwenye viwiko, anayeteleza na kupiga mateke. Akachora huku amenasa, kila panapombana anatia alama, na bosi akawa ndiye anayemshikia karatasi.

Beseni lililotoka pale ndilo hili mnalolijua, la mviringo, lenye kinundu katikati ili mtoto asiteleze. Liligombaniwa. Hata mama mkwe alilinunua, akalipeleka kwa binti yake, mke wa mzee, na safari hiyo akalala. Akakaa wiki tatu, lakini hayo waulizwe wenyewe.

Toka siku ile hatoi kitu bila kukiingia. Amelala kwenye makabati, amevaa ndoo kichwani, kuna kiti kimoja alitambaa chini yake sijui anatafuta nini. Sisi tulizoea. Ukikosa kumwona mezani, unafungua bidhaa.

Mzee wetu, ahsante kwa kazi na kwa vicheko. Nenda kapumzike na mama, chai uinywe ingali ya moto. Tunasikia kile kibanda cha majeneza sasa kinalala kuku. Kuku waachwe humo humo. Hata lako mwenyewe usithubutu kulichora. Tunakujua, utataka kuingia kulijaribu kwanza.