Bawabu Aliyewabatiza Vigogo wa Mayfair

Bwana Clifford Strudwick, bawabu mkuu wa Hoteli ya Penhallow, anastaafu tarehe 30 Septemba baada ya miaka thelathini na minne ya kusimama. Nasema kusimama kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Kufungua mlango ni sehemu ndogo tu. Siku nzima inayobaki unasimama kwenye ngazi, mvua inakuingia shingoni na kofia inakubana kichwa. Meneja ameniomba niandike kwa uchangamfu katika jarida hili la hoteli. Nitajitahidi, ingawa hii ni taarifa ya tatu ya kuaga ninayoandika mwaka huu, na miguu yangu mwenyewe haina uchangamfu wowote.

Alitujia kutoka Bermondsey, ng'ambo ya mto, akiwa mbeba mizigo, akapandishwa mlangoni baada ya bawabu wa zamani kuteleza kwenye barafu na kuvunjika nyonga. Aliwahi kumtafutia teksi bibi harusi katikati ya theluji, na asubuhi hiyo hapakuwa na teksi mtaa wetu mzima wa Mayfair. Aliwahi pia kubana koti la waziri kwenye mlango wa gari, na kwa kuwa sisi ni Waingereza, waziri ndiye aliyeomba radhi. Barua za pongezi alizopata zimo ofisini. Yeye hajawahi kuziulizia.

Sisi watumishi wa korido ya nyuma, hata hivyo, tutamkumbuka kwa majina. Nchi hii ina majina mengi ya kuwasimanga wakubwa kuliko ilivyo na aina za mvua. Kuna Wigi Kubwa, kuna Jibini Kubwa, kuna Paka Mnono, na kila mtoto wa London anayajua. Clifford hakuyatunga, kazi yake ilikuwa kuyagawa. Utajiri wa mgeni haukumshughulisha. Alimtazama anavyoshuka kwenye gari. Wigi Kubwa hushuka akiongea na mtu asiyemsikiliza. Jibini Kubwa husubiri kwanza watu wamtambue. Paka Mnono hangoji tu afunguliwe mlango, bali akishashuka hutazama mawingu kisha hukutazama wewe, kana kwamba hayo nayo ulipaswa kuyaondoa.

Mgeni akishaingia, Clifford aliwajulisha mapokezi kwa redio ya mkononi, nao wakatupitishia jina jikoni na kwenye ghala la mashuka. Kwa neno moja tulijua siku yetu itakwendaje, na tulicheka kabla ya kwenda kunyanyaswa. Kanuni ilikuwa moja: asitaje jina mpaka mapokezi wamhakikishie kwamba hakuna mgeni karibu.

Asubuhi moja dada yetu Nadine wa mapokezi alimhakikishia. Hakumwona Sir Desmond Quarles, aliyekuwa ameinama chini ya kaunta akifunga kamba za kiatu. Redio ikasema kwa sauti ya Clifford: "Huyo Desmond aliyeingia ni Paka Mnono, tena yule wa kupakatwa." Sir Desmond akainuka polepole.

Tulijua kazi ya Clifford imekwisha, na hata nyumba aliyokaa ilikuwa ya hoteli. Akaitwa, akaja na kofia mkononi. Kumbe Sir Desmond alikuwa na swali moja tu, kuhusu mshindani wake wa kibiashara.

"Na Ormerod je? Yeye mnamwitaje?"

Clifford akamwambia ni Wigi Kubwa. Sir Desmond akanyong'onyea, akauliza kama Wigi ni mkubwa kuliko Paka. Clifford akajibu, "Inategemea na siku, bwana." Mzee wa watu akaenda zake amefarijika, na kufikia Krismasi alikuwa ameshawasimulia marafiki zake wote.

Heri angefukuzwa, nilisema wakati ule, na Mungu anisamehe. Vibosile walianza kuja mlangoni kuuliza wanaitwa nani. Aliyekosa jina alinuna. Meneja wetu, Bwana Fanshawe, akanusa biashara. Vyumba vya fahari vikapewa majina yale yale, vikabandikwa vibao vya shaba, na Chumba cha Paka Mnono kikawa ghali kuliko vyote. Taulo zake zina paka aliyetariziwa. Ninazikunja mimi.

Siku vibao vilipobandikwa nilimkuta Clifford kwenye korido, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Aliniambia bila kuinua kichwa, "Beryl, kilichokuwa chetu ni kucheka tu. Sasa nacho kimepewa bei." Tangu siku hiyo hakutoa jina tena. Redio ilitaja namba za vyumba, basi. Miaka ikapita hivyo, tukifanya kazi kimya kama watu wa msibani, na nikiri kwamba nilidhani ataondoka hivyo hivyo.

Wiki iliyopita Bwana Fanshawe alituita kwenye sebule ya wageni tule keki ya kumuaga Clifford. Alitangaza kwamba chumba kipya cha ghorofa ya juu kimekamilika, kibao kipo tayari kitupu, na kwamba heshima ya kukipa jina ni ya Clifford. Picha yake ingetundikwa kando. Tuliacha kutafuna. Akitoa jina, tulijua hatutakuwa tena na chochote cha kwetu humu ndani.

Clifford aliweka kipande chake cha keki mezani. Kisha akasema, "Kiite Saba, bosi. Mlangoni mmeshaandika saba."

Bwana Fanshawe alicheka peke yake.

Baadaye Clifford alishuka kwetu, akavua kofia, akaomba chai. Akakaa. Halafu, bila kuulizwa, akatoa jina. Jipya kabisa, la mtu mmoja tu. Nadine alimwaga chai yake yote, na mimi nililia kwa kicheko, nikaendelea kulia hata kicheko kilipokwisha.

Jina hilo silitaji hapa. Ni la nani, pia silisemi, ila mwenyewe hulipitia jarida hili kabla halijachapwa.

Ahsante, Clifford. Kaa kitako sasa, na atakayebisha hodi kwako ajifungulie mwenyewe.

Beryl Oakshott, Ghala la Mashuka