Tahani binti Obeid, Aliyeomba Aseme Mwenyewe

Tahani binti Obeid alizaliwa tarehe 21 Machi 2006 mtaani Jabe, Bujumbura, mtoto wa tatu wa Mzee Obeid Moosa, muuza vitambaa, na Bi Khadidja. Alikuwa mkimya, mwenye kicheko cha ghafla.

Alihitimu sekondari mwaka 2024. Alipenda riwaya za vijana, na akazilalamikia: humo kijana hupigwa, husingiziwa, na mwishowe ndiye huomba radhi. Akiwa bado shuleni akaandika yake, ambamo baba anamwomba binti yake msamaha. Mwalimu alisema mtu wa umri ule hawezi kuandika hivyo, akampigisha magoti mbele ya darasa ataje alikoiiba. Nyumbani Tahani alisema goti la kulia lilisikiliza somo lote, la kushoto lilisinzia.

Baada ya shule aliuza dukani kwa baba yake, na kila Jumamosi aliwasomea wasichana wa mtaani hadithi zake. Hakuolewa. Posa ililetwa mara moja. Wakubwa waliijadili sebuleni huku yeye akipitisha chai. Alimnong'oneza mama yake kwamba hataki, na mama akairudisha.

Jumatatu, tarehe 3 Novemba 2025, tumbo lilimshika upande wa kulia. Aliambiwa ni uvivu. Jumatano shangazi yake, Bi Miza, alimpeleka zahanati, na kwa desturi yetu mkubwa ndiye humjibia mdogo. Muuguzi alipomuuliza Tahani, Bi Miza akasema, "Anakimbia kazi ya duka. Mi namujua huyu."

"Shangazi, acha niseme mwenyewe."

"We nyamaza. Wakubwa wanaongea."

Muuguzi alitabasamu, akawapa vidonge vya maumivu. Kidole tumbo kilipasuka siku iliyofuata. Alipofanyiwa upasuaji Ijumaa, usaha ulikuwa umeshaenea. Alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Novemba, akiwa na miaka kumi na tisa.

Baadhi ya wakubwa walitaka wasifu huu useme tu kwamba aliugua kwa muda mfupi. Bi Miza alikataa. "Muisome yote," alisema, "na mi nikiwa nimesimama." Ndiyo maana mnamwona amesimama.

Ameacha baba, mama, kaka zake Nawaf na Ilyasi, shangazi yake, na wasichana wa Jumamosi.

Mwenyezi Mungu amrehemu na ampumzishe. Alikokwenda, kila mtu hujibu mwenyewe.