Siku Niliyoitikia Shikamoo ya Baba Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana mliokaa nyuma karibu na mlango hamkuitikia, na habari yangu ya leo yote ni ya kuitikia.

Mnanifahamu. Mimi ni Tabitha, naimba sauti ya pili, nauza kuku hapa Ikungi siku za mnada. Baba yangu, Mzee Mose, ndiye yule wa benchi la mbele mwenye koti la kahawia. Msimpungie mkono, atasimama, na ibada itachelewa.

Mnakumbuka mzee huyu alivyokuwa mkali wa salamu! Kwake, mtoto asiyetoa shikamoo hakugusa chakula. Na shikamoo yenyewe ilikuwa na utaratibu: unasimama mlangoni, unasalimia, unasubiri marahaba, ndipo unaketi. Aliwahi kumrudisha barabarani bwana shamba mzima aliyeingia uani na "Mambo, mzee?" Bwana shamba akatoka, akaingia upya, akasalimia, ndipo akaruhusiwa kuzungumza habari za alizeti. Ndivyo alivyotulea, na hakuna aliyekufa.

Basi ugonjwa ukaja. Uliingia kimyakimya kama mwizi wa kuku. Akasahau jembe shambani, akasahau njia ya kisimani, akasahau kwamba mama yetu tulishamzika. Asubuhi moja namwekea uji, nikamwona amesimama mlangoni, kofia mkononi, ananitazama kwa adabu. Akasema, "Shikamoo, mama."

Ndugu zangu! Mimi! Mtoto wake wa mwisho! Uji ulinimwagikia miguuni.

Baba mzazi akikupa shikamoo, utajibu nini? Ukisema marahaba, umejifanya mkubwa wa baba yako, na hiyo ni laana. Shangazi Elizabeti, dada yake baba, alinionya huku ameshika kiuno: "Itikia uone! Mdomo utapinda." Nikauogopea mdomo wangu, maana ndio ninaouzia kuku na ndio ninaoimbia.

Nikaona nimpe na mimi shikamoo. Kosa! Alishtuka. Mama yake anampa shikamoo yeye? Akairudia yake kwa sauti zaidi. Nami nikairudia yangu. Tukasimama pale, shikamoo, shikamoo, shikamoo, hadi kuku wakala uji wote. Yeye hakula, kwa sababu hajaitikiwa. Sheria yake mwenyewe! Sura zetu alizisahau zote, ile hakuisahau.

Ikawa hivyo karibu kila mlo. Kaka yangu Elia akaja kutoka Manyoni kifua mbele, akasema sisi wanawake ndio tunaomchanganya mzee. Baba akavua kofia: "Shikamoo, mjomba." Elia akatokea mlango wa nyuma, hatukumwona hadi jioni. Mtoto wa jirani, wa darasa la pili, alipewa yake akakimbia kwao akilia. Tukafunga na kuomba. Sisi tulifunga kwa imani. Baba alifunga kwa kukosa marahaba. Alikula pale tu aliposahau kusalimia, na hilo ndilo jambo ambalo hakulisahau mara nyingi. Suruali yake ikawa inafungwa kwa kamba ya katani. Mbele za watu nilicheka, jikoni nililia. Niliona wazi kwamba baba yangu atakufa na njaa ndani ya nyumba yenye ugali, kwa ajili ya heshima.

Ndipo likasomwa tangazo hapa hapa kanisani: amefika daktari mtafiti, anawatafuta wazee wenye ugonjwa wa kusahau, na pia wagonjwa wa saratani iliyokwisha kuenea mwilini. Nikajua dawa imefika. Nikamchinjia jogoo.

Akaja kijana mwembamba, mtani wetu Msukuma, na begi la karatasi na vichupa vya kuchukulia damu. Shangazi akamuuliza, "Mwanangu, magonjwa mepesi uliyakosa?" Akajibu, "Mepesi yana watu wengi, shangazi." Tukaulizia dawa. Akasema, "Ya kuponya sina. Bado tunaitafuta." Ndugu zangu, niliangalia sufuria nikamwonea huruma yule jogoo.

Akaanza maswali yake ya utafiti. "Mzee, leo ni siku gani?" Baba akasema, "Na wewe huijui, halafu wamekupa sindano?" "Na hapa tulipo ni wapi?" "Mimi niko kwangu. Aliyepotea ni wewe."

Chakula kikaja. Baba akainuka kama kawaida, akaenda mlangoni, akavua kofia, akamtazama daktari aliyekaa kwenye kiti kikubwa. "Shikamoo, baba." Na yule kijana, bila hata kupepesa macho, akasema, "Marahaba, mwanangu. Hujambo? Njoo ule."

Shangazi alijifunika khanga uso mzima. Mimi nilifumba macho nikisubiri mdomo wa daktari upinde. Haukupinda! Nilipofumbua, baba ameketi, paja la jogoo mkononi, anakula. Anakula, ndugu zangu! Nilipiga kigelegele hadi majirani wakadhani kuna posa.

Daktari akatueleza kwamba ugonjwa huu huanza kwa kufuta mambo ya karibuni, ya utotoni hubaki. "Dada Tabitha, hiyo shikamoo si yako. Anampa mama yake, nawe umesimama mahali pa mama yake. Mpokelee huyo mama salamu zake tu." Kisha akasema amekaa na wagonjwa wengi wa saratani ambao hawakupona, na wao ndio waliomfundisha kwamba mtu asiyepona bado anataka kula, kulala bila maumivu, na akiita aitikiwe.

Kumpokelea mtu salamu! Nani hapa hajafanya hivyo? Watu wanatoka Singida mjini na salamu za ukoo mzima, tunazipokea, na hakuna aliyelaaniwa. Hata shangazi akautoa uso kwenye khanga.

Jioni nikaandaa ugali na mlenda. Baba akasimama mlangoni. "Shikamoo, mama." Nikasema, "Marahaba, mwanangu." Alitabasamu kama mtoto aliyefika nyumbani, akaketi, akala, akamaliza. Na ile hofu ikanitoka, nikakaa chini nikamshukuru Mungu. Wengine hufunguliwa kwa kishindo. Mimi Bwana alinifungua kwa neno moja, kwa kinywa cha kijana asiye na dawa.

Siwadanganyi, baba hajapona. Leo asubuhi namfunga vifungo vya koti, akaniuliza tunakwenda wapi. Kanisani, nikamwambia. Akasema, "Mama, kule yupo binti yangu Tabitha, anaimba. Ukimwona mwambie aje anisalimie, siku nyingi sijamwona. Mtoto yule ana adabu." Nikamjibu, "Salamu zako zitafika." Zimefika, ndugu zangu. Zimefika.

Asanteni kwa maombi yenu. Mwenye mzee aliyemficha chumba cha nyuma kwa aibu, amtoe, amtumaini Mungu. Na daktari akirudi na vichupa vyake, mpeni hiyo damu kidogo, huenda wajukuu wetu wakaipata dawa. Ibada ikiisha, baba atasimama pale mlangoni, atavua kofia, atawapa shikamoo wote, kuanzia mchungaji hadi watoto wanaonyonya. Msikimbie. Hajanywa chai bado. Itikieni!