Chumvi ya Kibaraza Chetu

Haya nayasema kama shahidi, si kama msikiaji. Nilikuwepo kisima kilipochimbwa, nilikuwepo kahawa ilipoharibika, na nilikuwepo siku yule mama mfinyanzi alipotuuliza habari za makalio yetu. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, lakini macho yangu hayajawahi kufeli mtihani. Kijiwe chetu kiko nyuma ya duka la fundi cherehani, ubavuni mwa ua wa Shangazi. Shangazi ndiye muuza kahawa, na tunamwita hivyo hata sisi tunaomzidi umri. Alichoka kubeba ndoo kutoka kona ya juu, kwenye gereji, akamwita Sululu mchimba visima. Sululu alichimba siku tisa. Juu, kwenye kamba, nilikuwa peke yangu, maana Shangazi alikwenda kununua sukari. Kufika futi ishirini na tano, maji yakaanza kuchuruzika kutoka kwenye kuta. Hapo ndipo akapita mtu mmoja wa kofia nyekundu, mikono mitupu, akachungulia shimoni akasema: maji hayo, acha kuchimba. Sululu akasikia, akapanda. Udongo uliotoka ulikuwa mweusi, unanata kama ugomvi wa ndugu. Tukaufinyanga kibaraza cha kukalia watu wanne, nami nikakilainisha kwa chupa mpaka kikang'aa.

Kahawa ya kwanza ya kisima kile ilikuwa kama imepikwa kwa machozi. Shangazi akaongeza sukari, ikawa machozi yenye sukari. Tukavumilia mwezi, wa pili tukaanza kutazamana. Jumatatu moja asubuhi akaitua birika chini na kutangaza kwamba Ijumaa anahamia kona ya juu, ambako maji ni matamu. Hakuna aliyecheka. Kibaraza bila birika ni udongo tu, na sisi tungekuwa wanaume wanne waliokaa juu ya udongo.

Ikabidi chanzo cha chumvi kipatikane siku hiyohiyo. Akaanza fundi cherehani, tunayemwita Sindano.

— Ile ni jasho. Sululu alikaa shimoni siku tisa, na alipopanda hakupanda nalo.

Sululu ni mtu wa mikono, maneno humjia kwa foleni. Akafikiri.

— Jasho la mtu mmoja halitoshi kisima.

— Unajidharau, ndugu yangu.

Daktari akatikisa kichwa. Huyu anatibu baiskeli, na tangu aliponyoosha rimu iliyoshindikana kwa mafundi watatu anajiona anaweza kutibu chochote. Alisema bahari ina mishipa kama mtu, inapita chini kwa chini mpaka bara, na Sululu kwa upofu wake amekata mmoja. Tukingoja kidogo, alisema, tutavua samaki. Akamuuliza Shangazi ndoana aifunge wapi. Shangazi akamjibu kwamba samaki wa kwanza Daktari mwenyewe atamla mbichi, palepale, yeye Shangazi akimtazama.

Mimi nikawasimulia kisima nilichokiona ujanani, chenye chumvi kiasi kwamba mbuzi waliilamba kamba yake mpaka ikakatika. Hawakubisha. Walikuwa wanameza kahawa, na kahawa ile ilitaka umakini.

— Na yule wa kofia nyekundu? aliuliza Sindano.

— Ametumwa, alisema Daktari. Kona ya juu wanamtaka Shangazi. Alikuja na chumvi ameificha kofiani.

— Kofiani itaingia kiasi gani?

— Alirudi mara nyingi.

Sindano akashusha sauti.

— Sitaki kumchongea mtu, lakini kofia ile niliishona mimi. Kitambaa kilikuwa masalio ya mto wa kochi. Mwenyewe ana kichwa kikubwa, na hatazami watu usoni.

Wote wakanigeukia, maana shahidi nilikuwa mimi. Nikatikisa kichwa polepole, kama mtu anayejua zaidi ya anavyosema, na katika hilo sikudanganya.

Wakati huo akaja mama mmoja wa makamo, ana gunia begani na jembe dogo mkononi. Alitusalimu, tukaitikia. Yeye ni mfinyanzi wa vyungu, na amesikia hapa kuna kisima kilichotoa udongo mzuri. Daktari akainuka kumpisha akae. Mama hakukaa. Alimtazama Daktari kwa nyuma, kisha akatuomba na sisi tugeuke.

— Samahanini, baba zangu. Mbona nyote mna weupe makalioni?

Sindano akajibu kwa aibu kwamba ni chaki yake ya kupimia nguo, inamvuja mfukoni kila anapokaa. Jambo hilo lilikuwa limeshaleta maneno majumbani.

— Suruali hii mke wangu ameifua mara kumi, alisema Daktari, na mara zote kumi amemlaani Sindano.

Mama akainama. Kwenye ukingo wa kibaraza, pale palipokauka, palikuwa na unga mweupe kama ukungu wa mkate. Akaukwangua kwa ukucha, akautia ulimini.

— Chaki haina ladha hii, alisema.

Tukakwangua na sisi. Wanaume wanne wazima tukawa tunalamba tulipokuwa tumekalia, na Shangazi amesimama mlangoni na birika, haamini. Ilikuwa chumvi. Miezi miwili tulikuwa tumeikalia huku tukiitafuta baharini.

Mama akatueleza bila kujivuna. Mchanga ukinyeshewa, maji hupita na kuondoka na chumvi yake, ndiyo maana kona ya juu, penye mchanga, maji ni matamu. Udongo wa mfinyanzi hauachii. Maji yakiingia yanakwama humo miaka na miaka, hayaendi wala hayarudi, na chumvi inazidi kukolea.

— Hata vyungu vya udongo wa namna hii huota unga huu vikikauka. Siuchukui udongo kabla sijauonja.

— Kwa hiyo tunakunywa jasho la udongo, alisema Sindano. Nilisema ni jasho.

Mama akamgeukia Sululu.

— Huko chini, ulipoupita udongo huu, ulikuta nini?

— Sikuupita. Niliachia humohumo.

— Humohumo? Chini yake sijui kuna nini, baba. Pengine mchanga na maji matamu, pengine mabaya kuliko haya. Lakini kisima hakiachwi katikati ya udongo. Nani alikwambia uache?

— Wa kofia nyekundu, alisema Daktari haraka.

— Wewe ulimwona?

Daktari akaitazama chumvi kwenye kidole chake. Sindano akatafuta kitu mfukoni. Sululu akasema kwa foleni yake ileile:

— Mimi nilikuwa chini. Nilisikia sauti tu. Ilikuwa nzito, ya mtu mwenye uhakika.

Shangazi akanitazama muda mrefu. Nikainua kikombe. Kilikuwa kitupu, nikanywa hivyohivyo.

Kisha nikasimama nikasema kamba nitaishika mimi, mwanzo hadi mwisho. Shangazi akasema Ijumaa hii na Ijumaa ijayo si mbali sana. Sululu akashuka tena. Nilivuta siku nne, ngozi ya viganja ikanitoka, na sikufungua mdomo, jambo lililowatia watu wasiwasi. Futi kumi chini zaidi ndoo ikapanda na mchanga mweupe, nyuma yake maji. Mama mfinyanzi alikuwa ametuusia tuizibe ile sehemu ya udongo kwa tofali na saruji, isije ikadondoshea chumvi yake kwenye maji mema. Tukaziba, tukayateka machafu yote mpaka yakatoka meupe. Shangazi akapika birika, akampa Sululu kikombe cha kwanza. Sululu alikunywa chote. Akanyoosha kikombe aongezwe.

Shangazi hajahama. Kibaraza tumekitandika magunia, na Sindano halaaniwi tena.

Kila nililoandika hapa ni kweli, isipokuwa jambo moja. Siku ile ya kwanza hakupita mtu. Kamba ilikuwa imenichubua, njaa inaniuma, na nilipoona maji yanachuruzika niliinama nikasema, kwa sauti nzito ya mtu mwenye uhakika: maji hayo, acha kuchimba. Shangazi aliporudi na sukari akauliza nani amesema, yule wa kofia nyekundu akanijia akilini mzimamzima, na kofia yake. Nadhani Shangazi anajua, maana siku hizi kikombe changu hukijaza cha mwisho. Nastahili. Lakini wewe Sindano, ndugu yangu, kofia ile uliyoishona kwa kitambaa cha mto wa kochi, ulimshonea nani?