Kaburi la Mkono wa Nyanya

Wasikilizaji wapendwa, kama redio iko jikoni, mtu aiongeze sauti kidogo. Leo tunamkumbuka Mwalimu Shufaa Khalid, mzaliwa wa Mwingi, mwalimu wa bayolojia katika shule moja ya upili upande wa Kyuso. Mwalimu Shufaa Khalid. Amefariki akiwa bado anadai kitu kimoja. Alidai mifupa ya mkono. Hakupewa.

Tuanze na mkono wenyewe, ulikuwa wa nani.

Nyuma ya shule kuna mlima wa mawe, na nyani hulala kwenye mawe hayo. Asubuhi hushuka mashambani. Mkulima akiwaona hushika kombeo. Mwalimu Shufaa alishika darubini. Alijua nani ni mama wa nani. Alijua ni dume lipi linapiga miayo si kwa usingizi, bali kuwaonyesha wenzake meno. Na alimjua jike mmoja mzee, mwenye kidole kilichovunjika zamani kikaunga kikiwa kimepinda. Ndengu za mashambani hakuzijali sana jike huyo. Yeye alipenda nyanya za Mama Mbinya, jirani wa Mwalimu. Basi Mwalimu akamwita Nyanya. Kwa umri wake na kwa wizi wake, jina lilimfaa pande zote mbili.

Watu nao wakampa Mwalimu jina lake: Mwalimu wa Nguli. Nguli kwa Kikamba ni nyani. Ummi, dada yake, anakumbuka: "Alikuja nyumbani akicheka. Akasema, 'Ummi, kwa Kiswahili nguli ni bingwa. Wacha waniite.' Lakini kile kicheko hakikukaa."

Kiliishia darasani. Kila mwaka swali lilikuwa lile lile. "Mwalimu, kama tulitoka kwa nyani, mbona hawa wa Kyuso hawajageuka watu?" Darasa zima linaanguka kwa kicheko.

"Kwani binamu yako amegeuka akawa wewe?" alijibu. "Nyani si babu yako. Ni jamaa wa mbali. Babu yenu wa pamoja alikufa zamani sana, na hakuwa nyani huyu wala mtu."

Aliwaeleza kuhusu mifupa ya nyani wakubwa wa kale waliofukuliwa Olorgesailie, nyani ambao leo hawako tena. Waliandika. Walipita mtihani. Wiki iliyofuata waliuliza tena. Wazazi wa kanisani walisema anaharibu watoto. Ami yake wa Mwingi, mtu wa msikitini, alisema vivyo hivyo.

"Hapo tu," alimwambia Ummi, "ndipo wamewahi kukubaliana."

Basi akaamua: kama hawasikii, washike. Nyanya alipokufa kwa uzee chini ya mawe yake, Mwalimu aliomba ruhusa kwa watu wa wanyamapori, akamchukua. Alichemsha mifupa nyuma ya nyumba yake ya kupanga. Fuvu lilitangulia kwenye kabati la maabara. Mkono wa kulia aliuanika juu ya uteo, ule wa kupepetea ndengu, ameupanga kidole kwa kidole.

Sasa sikilizeni vizuri. Fuvu lilikuwa shuleni. Mkono ulikuwa kwenye uteo. Mama Mbinya akaingia uani kuomba chumvi.

Nduru yake ilisikika mpaka sokoni. "Woi! Mkono wa mtoto!"

Watu walijaa. Polisi wakaja.

"Afande, huu ni mkono wa nyani," Mwalimu alisema.

"Mwalimu, mimi niko na watoto. Mkono wa mtoto naujua."

"Basi twendeni shule muone kichwa chake. Kina mdomo mrefu, meno kama misumari."

"Kumbe na kichwa unacho? Ingia gari."

Hakuna aliyekwenda kuliona fuvu. Hakuna hata mmoja. Mwalimu aliwekwa ndani mpaka mwalimu mkuu alipomtolea dhamana. Mfupa mmoja wa kidole ulipelekwa Nairobi kupimwa, na iliyobaki ikawekwa kwenye katoni ya biskuti. Majibu yalichelewa. Kijiji kikashindwa kuvumilia mtoto kukaa kwenye katoni. Wakachanga, wakatengeneza jeneza dogo, wakaimba, pasta akaomba, wakazika. Wakasimamisha kibao: MTOTO ASIYEJULIKANA. LALA SALAMA MWANETU.

Ndipo majibu yakafika. Nyani. Jike. Mzee.

Kesi ya Mwalimu ikafutwa, akaenda kwa Chifu Mbaluka kudai mifupa yake.

"Mwalimu, huyo tumeshamwombea," chifu alisema. "Sasa niambie watu nini? Kwamba pasta alizika nyani?"

"Waambie ukweli."

"Huo ukweli uko na aibu."

Akaenda mjini. Ofisi ya kwanza ikamtuma ya pili. Ya pili ikamwambia kaburi halifukuliwi ovyo, lazima ombi litoke kwa jamaa wa marehemu.

"Mimi ni jamaa," akasema.

Karani hakucheka. Alifunga dirisha.

Alirudi kwa miguu kupitia makaburini, akamkuta Mama Mbinya akifagia lile kaburi dogo.

"Mwalimu, usinichukie," Mama Mbinya alisema. "Hapa nililia machozi ya kweli. Ule mkono ulikuwa wa mtoto."

Mwalimu alijipiga mapaja. "Mama Mbinya! Si hicho ndicho ninachosema darasani miaka yote?"

"Kwamba nini?"

"Kwamba ukitoa manyoya na ngozi, hata mzazi hawezi kutofautisha!"

Mama Mbinya alifikiri kidogo. "Hapo sasa umenitusi," akasema, akaendelea kufagia.

Tangu siku hiyo Mwalimu Shufaa alifundisha mkono kwa chaki. Aliuchora ubaoni, akaufuta, akauchora tena mwaka uliofuata. Na kila mwaka alipeleka ombi lake. Mwezi uliopita maradhi yalimshinda, akazikwa Mwingi. Mama Mbinya alifika, leso kichwani, akalia kuliko wengi. Ummi anasema neno la mwisho la dada yake kuhusu jambo hili lilikuwa: "Wakikataa kumfukua, basi waandike jina lake."

Kwa baba yake, Mzee Khalid, kwa Ummi, kwa walimu na wanafunzi wake wote, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Na wewe unayesikiliza, utazame mkono ulioshika redio. Gumba lile, kucha zile bapa. Mlie kaburini kwa ajili ya mkono kama huo, halafu mmcheke mwalimu aliyewaonyesha?

Tulimpigia chifu simu. Alisema jambo hilo lilikwisha. Kibao bado kimesimama, na bado kinasema MTOTO ASIYEJULIKANA. Si kweli, wasikilizaji wapendwa. Alijulikana. Alikuwa na kidole kilichopinda, alipenda nyanya za Mama Mbinya, na kulikuwa na mtu mmoja aliyemwita kwa jina.