Seva Isiyozimika ya Kingi

Kwenye benchi la kahawa la Mama Verdiane, njia panda ya Kingi, watu huja kuitengeneza dunia, na dunia haijawahi kuwashukuru. Asubuhi hiyo Zéphyrin, fundi wa kompyuta wa koperative ya maziwa, alikaa pembeni, simu mkononi, akijuta. Alikuwa amebadilisha anwani ya mtandao kwenye seva ya koperative akiwa papo hapo benchini, na seva ikamkatikia usoni: inawaka, lakini haifikiki tena. Ni mashine moja inayobeba mashine nyingine kadhaa ndani yake, na mojawapo ndiyo inayopima na kuandika maziwa. Bila hiyo Valens wa mapokezi hapokei hata kikombe, na maziwa hayajui kusubiri.

— Ingia tu mule ndani, uishike na mukono, alisema Papa Esdras, anayeitwa Courant, yaani Umeme, kwa sababu zamani alitengeneza redio.

— Chumba iko na kufuli, Papa. Gérant, mukubwa wa kazi, njo iko na ufunguo, na sasa iko Mubambiro, anaenda Goma.

— Siku zingine ukikosea unafanyaka aje?

Zéphyrin akaeleza kwa unyonge. Mafundi wa huku wana mtindo wao: wanajaribu badiliko bila kulihifadhi. Ukikosea, unaagiza kahawa. Umeme utakatika kama kawaida yake, mashine itazima, na ikiamka itakuwa imesahau kosa lako na kurudia mipango ya zamani.

— Basi tungoje courant ikatike, alisema Mbonigaba, jina la benchini Satellite, mwenye habari za kila mahali.

— Haitakatika. Tulishaweka panneaux za jua na batterie. Mimi mwenyewe njo niliomba.

Benchi zima likacheka. Zéphyrin hakucheka.

— Tuma muntu afunike panneaux na blanketi, alisema Courant.

— Batterie itabeba mupaka kesho, Papa.

— Afunike batterie pia. Ikiona giza itajua ni usiku, italala.

— Courant, haujue kitu, alisema Satellite. Mule ndani muko mashine zingine, sivyo? Umubadilishie mukubwa anwani bila kuuliza wadogo? Hao wadogo njo walifunga mulango.

— Mi naona tuombe mvua, alisema Mama Verdiane akimimina.

— Mvua itasaidia nini, Mama? alisema Satellite. Tuombe radi. Moja tu, kwa paa.

— Radi itapiga na tanki ya maziwa, alisema Zéphyrin.

— Ile ni kweli, alikubali Satellite kwa utulivu. Lakini seva itazima.

Zéphyrin aliogopa. Radi haikumtisha, alichoogopa ni gérant kurudi na kumwambia aache kazi, arudi kwao.

Ndipo akaja Uwamwezi, mama mfugaji kutoka milimani, bidoni ya maziwa kichwani. Valens alikuwa amemtuma kwa fundi. Alisimama hadi habari za radi zikaisha, kisha akatua bidoni, akaifungua, akanusa.

— Kaka, hii inaanza kugeuka. Ikigeuka, Valens hataipokea hata mashine ikirudi. Na kwetu kila muntu iko na maziwa yake, hakuna wa kununua. Niipeleke wapi?

Courant alimtazama Satellite. Satellite aliitazama kahawa yake. Zéphyrin aliinua macho: hakuna wingu, jua lilikuwa limejaa juu ya paa la koperative, na aliona haya kwamba linawaka.

Uwamwezi aliifunga tena bidoni. Kisha akasogeza watu, akaketi nao, bidoni katikati ya miguu, akaanza naye kulitazama jua.