Neno Alilojifunza Mama Elinaja kwa Bibi Nora

Mchungaji, ndugu, jamaa na majirani, Bwana asifiwe. Mimi ni Irene, kifungua mimba wa marehemu, nitasoma polepole, na nikijikwaa mnivumilie, maana mnatujua sisi tuliozaliwa hapa London, mama anasema Kiswahili, sisi tunajibu Kiingereza.

Mama yetu mpendwa, Elinaja Mbonea Mshana, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Usangi, Upareni, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mbonea. Alisoma shule ya msingi hapohapo Usangi kuanzia 1969 hadi 1975, sekondari Moshi hadi 1979, kisha uuguzi Tanga, alikohitimu 1983 na kufanya kazi miaka minane. Alifika London Septemba 1991, akafunga ndoa na baba yetu, Humphrey Mshana, tarehe 4 Julai 1992, wakapanga hapa Kilburn, na Mungu akawajalia watoto wawili, mimi na Severin.

Tangu 2008 alihudumia wazee majumbani mwao, mmoja wao Bibi Nora, Mwairishi, ambaye maradhi ya uzee yalimfutia Kiingereza chote akabaki na Kigaeli cha utotoni, lugha ambayo hata wanawe hawakuijua. Kila siku alirudia neno moja, imní. Mama alilisikia kwanza mwezi Januari, akadhani bibi anasikia baridi, akamfunika blanketi, akalisikia tena mwana wa bibi alipochelewa kuja, akalisikia maziwa yalipofurika jikoni, akalisikia asubuhi ya kwenda kwa daktari, ndipo akaelewa kwamba ni wasiwasi. Tangu hapo bibi akilisema, mama alimshika mkono na kumrudishia neno lilelile, na bibi alitulia, kwa kuwa amepata wa kumjibu.

Bibi Nora alifariki 2014, lakini neno lake lilihamia kwetu. Severin akichelewa kutoka shule, mama alisimama dirishani na imní yake, hata baba, Mpare asiyebembelezeka, akalizoea. Siku zile zilikuwa tamu, nazitamani mno.

Oktoba 2024 mama aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Mwezi uliopita aliniita kitandani, akaniambia, "Irene, kufa siogopi. Imní yangu ni moja. Nora alizikwa bila neno hata moja la lugha yake, na watoto wake wamekaa pale mbele."

Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Februari 2026. Kwa desturi yetu historia hii ingesomwa na Mjomba Geofrey, nami nilimwomba aniachie.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kilburn, wafanyakazi wenzake, na akina mama wa Wembley waliotupikia wiki nzima.

Mama, nenda ukapumzike kwa amani. Umesimuliwa kwa Kiswahili, na ni mwanao aliyekusimulia.